Kabla Polisi Hawajafika

Brooklyn Park, Minnesota
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Nipo hai! Naanza na hilo kwa sababu najua wewe husoma barua kama taarifa ya kituoni, macho yanatafuta maiti tangu mstari wa kwanza. Hakuna maiti. Mimi mzima, na yule mtu naye yuko hai, ila paja lake la kulia lina tundu, na tundu hilo nimelitoboa mimi.

Keti kwanza, Baba. Umeketi?

Nina bastola. Ninayo tangu Februari, kwa kibali halali, na sikukuambia kwa sababu nilijua ungepiga kelele zikanifikia huku bila simu. Kazi yangu ya kuwauguza watu majumbani unaijua: naingia nyumba hii, natoka ile, mfuko wa dawa begani. Mwaka jana mtu alinifuata hadi mlangoni kwangu akagonga nusu saa nzima. Ndipo nikaenda Savage, kamji kadogo kule mtoni kwenye maghala, kwa mwalimu mmoja Mkenya, Gilbert. Gilbert alitufundisha kupiga risasi kwa saa mbili na kufunga mdomo kwa saa nne. Tulimcheka sana! Akatuambia, "Chekeni. Risasi ni sekunde moja. Dakika kumi za baadaye, polisi wakiwa njiani, ndizo zitakazoamua utalala wapi miaka kumi."

Sasa sikiza. Alhamisi saa tisa alasiri, jua linawaka, nashuka kwenye gari hapa kwenye apatimenti zetu. Mtu anatokea kati ya magari na spana ndefu ya magurudumu, anapiga kelele nimpe ufunguo. Nikamtupia! Hakuuokota. Akazidi kuja, spana juu. Nikarudi nyuma, nikarudi, sheria ya hapa inataka urudi kama unaweza, hadi mgongo ukagusa ukuta. Hapo nikatoa bastola, nikapiga mara moja. Akaanguka.

Nikarudisha bastola kwenye ala yake kiunoni. Nikapiga 911, namba ya dharura ya huku: mimi ni mwanamke mweusi, nimevaa sare ya bluu ya uuguzi, nimeshambuliwa, nimepiga risasi, silaha imo kwenye ala, leteni ambulensi. Kisha, Baba, mimi ni muuguzi, ningefanya nini? Nikapiga magoti nikamfunga paja kwa leso yangu, ile uliyoninunulia Kitale. Ving'ora viliposikika nikasimama, nikasogea kando, mikono mitupu juu. Hata simu niliiacha chini, maana Gilbert anasema ukiwa mbali simu nayo ni bastola.

Walinitia pingu. Sikubisha. Nikasema yale niliyofundishwa: "Mimi ndiye niliyepiga simu. Huyu amenishambulia. Nitashirikiana nanyi kikamilifu nikishaongea na wakili wangu. Spana aliyonijia nayo ile pale." Nikageuza shingo kuwaonyesha.

Haikuwepo! Lami tupu! Ulimi ukataka kukimbia, nieleze, niape, nilie. Afisa akauliza, "Spana gani?" Nikarudia: "Nikishaongea na wakili wangu."

Nimeachiliwa, ila uchunguzi unaendelea. Yule mtu amesema hospitalini kwamba alikuwa mikono mitupu, akiomba tu msaada wa kuwasha gari lake. Mwendesha mashtaka ndiye ataamua. Nikishtakiwa ni jela, na laisensi ya uuguzi kwaheri. Kazini wamenisimamisha. Simu wameichukua, na wakili amenikataza kuligusia jambo hili kwenye simu yoyote, ndiyo maana nimempa Timothy barua hii, anasafiri kuja huko Jumatano.

Usikasirike sana. Kasirika kidogo tu.

Binti yako,
Kerubo


Nyamira
25 Septemba 2024

Kerubo, mama yangu uliyebeba jina la mama yangu,

Barua yako imepokelewa kwa mkono wa Timothy, Jumapili tarehe 22, saa nane na robo mchana, ikiwa imefungwa na haijachanika. Timothy alikunywa vikombe vitatu vya chai na kunitazama nikisoma. Nilimfukuza.

Bastola! Mtoto wa Sajini Jairus, aliyelelewa kwenye laini za polisi, aliyekuwa akilia akiona bunduki yangu ukutani! Nimekasirika, na si kidogo. Nimezunguka boma mara sita. Mara ya saba nikamshukuru Mungu kwamba hukukosa shabaha. Sasa nimekasirika na nimeshukuru, na presha imepanda kwa vyote viwili.

Lakini huyo Gilbert wako amekupoteza. Kunyamaza! Nimekaa nyuma ya kaunta ya polisi miaka thelathini na mmoja, na nakuambia: anayefika kituoni kwanza ndiye mlalamishi. Anayenyamaza ana jambo. Mwenye haki anahitaji wakili wa nini? Wakili ni wa mwizi wa ng'ombe!

Kwa hiyo hii ni amri, si ushauri. Vaa nguo ya kanisani, nenda kituoni, omba mkubwa wa zamu, umsimulie kila kitu tangu uliposhuka kwenye gari. Usiache hata nukta. Wataona uso wako watajua wewe ni mtoto wa watu. Nenda kabla yule wa paja hajaenda kwa magongo.

Ni mimi baba yako,
Jairus Nyamweya
Sajini (mstaafu)


Brooklyn Park
4 Oktoba 2024

Baba,

Nilikutii. Nilivaa lile gauni la kijani la Pasaka, nikaendesha hadi kituoni, nikaegesha. Nikasoma barua yako mara nne ndani ya gari. Mara ya nne nikawasha gari nikarudi nyumbani. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukuasi tangu nizaliwe.

Wakili wangu anaitwa Natasha. Wazazi wake ni wa Kakamega ila amezaliwa hapa: Kiswahili anakielewa chote, anajibu kwa Kiingereza tu, na cha mbio. Nilipomwambia nilikofika aliruka kutoka kwenye kiti! Akaniuliza, siku ile ulirudi nyuma hatua ngapi? Nikasema kumi. Akauliza tena baada ya dakika tano. Nikasema kama saba. Akasema, umeona? Ungesema kumi Jumatatu na saba Ijumaa, basi umeshakuwa mwongo, na hujadanganya neno hata moja.

Na polisi wananiita, Baba! Afisa mmoja mpole kuliko mchungaji amepiga simu ya ofisi ya Natasha mara mbili, anasema tukae tu tusafishe mambo madogo madogo. Kanisani nako kila mtu ana lake. Mama Margaret ananiambia nimpelekee yule mtu uji hospitalini nikamwombee, yaishe kikwetu. Natasha aliposikia hilo la uji alishika kichwa! Eti itaonekana nimekwenda kumtisha shahidi.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na unijibu kama sajini, usinijibu kama baba. Katika miaka thelathini na mmoja, wale waliokuja mbio kwako wakasema kila kitu wakiwa bado wanahema, uliwaandika vipi? Na wangapi walirudi kwao?

Kerubo


Nyamira
14 Oktoba 2024

Mama yangu Kerubo,

Swali lako limenilaza njaa siku mbili. Nitajibu.

Unamkumbuka Francis wa ng'ambo ya mto, yule mzee asiyeongea sana? Ulipokuwa na miaka minne tulikuwa kituo kimoja kidogo karibu na Kitale, na Francis alikuwa na shamba huko. Asubuhi moja alikuja mbio kituoni miguu mitupu, kilomita sita, afike kwanza awe mlalamishi. Jirani yake alimwingilia nyumbani na panga, Francis akampiga kwa jembe, mtu akafa. Alikuwa anahema. Nilimpa maji. Nilimwambia, sema tu kaka, mwenye haki haogopi. Akasema, "Afande, nimemuua. Nilikuwa na hasira naye kwa ajili ya mpaka." Habari ya panga aliitaja baadaye kabisa, akiwa ametulia.

Niliandika kama alivyosema, kwa mpangilio aliosema. Mwandiko wangu ulisifiwa mahakamani. Panga halikupatikana. Alikaa jela miaka tisa.

Sikiza na hili, ambalo sijamwambia mtu yeyote. Miaka mingi baadaye mke wake aliniita akiwa mgonjwa wa kufa. Akaniambia panga aliliona uani na akalitupa chooni kabla sijafika, kwa sababu alidhani silaha ndiyo itakayomfunga mume wake. Nilimshika mkono. Nilitoka pale nikaenda zangu, na Francis sikumwambia. Tunasalimiana naye sokoni kila Jumatano. Naona haya, mwanangu. Naona haya mpaka kwenye mifupa.

Kwa hiyo nafuta amri yangu ya tarehe 25. Gilbert ni mwalimu, mimi nilikuwa karani tu. Funga mdomo! Usiende kwa afisa mpole. Usipeleke uji popote. Na usiniandikie tena habari za tukio lenyewe, kwa sababu barua nayo ni karatasi, na karatasi huitwa mahakamani. Ile yako ya kwanza sitaichoma, kuchoma ni kosa jingine. Nimeifungia kabatini.

Ila mpe wakili wako swali hili, aliulize yeye, wewe usiulize: nani alifika pale kabla ya polisi? Mwizi haokoti chuma chake akiwa na tundu la paja. Ni mtu wako, mama. Mtu anayekupenda ndiye anayefagia. Atafutwe taratibu, na likija lolote mlangoni kwako, usiliguse, lipeleke kwa wakili lilivyo.

Baba yako,
Jairus


Brooklyn Park
26 octobre 2024

Mama Kerubo,

Jambo. Ni miye Euphrasie wa hapa chini, mama ya Rachelle. Naandika juu kuongea naogopa.

Jana ule mutu wa wakili, Bagalwa, alipiga ku mulango. Anasema Kiswahili kama yetu, lakini alikuwa na dossier, makaratasi ya serikali, mu mukono, na mutu mwenye kubeba dossier siwezi kumwambia kitu. Nilimwambia sikuona. Nilidanganya. Tangu pale sikukula kitu.

Niliona yote. Nilikuwa ku dirisha nasafisha masahani. Niliona ule mutu anakuya na ile chuma juu. Niliona unamutupia funguo, unarudi nyuma mpaka ku ukuta. Yote, Mama Kerubo.

Wakati ulipiga magoti kwa kumufunga muguu, nilishuka mbio. Kwetu Walungu, ku Congo, basoda, baaskari ya vita, wakifika na wakute chuma ama panga, hata kisu ya mihogo, hawaulize ni ya nani. Mwenye kuwa karibu nayo njo anakufa. Kaka yangu alikufa vile, juu ya panga ya jirani. Njo nilisema mu roho: polisi wanakuya, hii chuma iko karibu na Mama Kerubo, watamuua. Nikaifunga mu kitenge, sikuigusa na mukono, nikaingia nayo mu nyumba. Mpaka leo iko chini ya kitanda ya Rachelle.

Nilifikiri nakuokoa. Kumbe jana Rachelle ananiambia watu wanasema eti ulipiga mutu mwenye hakuwa na kitu mu mukono, juu ile chuma haikuonekana. Nilikaa chini palepale ku sakafu. Ni miye nilikufunga! Pardon, mama. Vraiment pardon.

Niko tayari kusema. Lakini munisaidie, wasinirudishe kule na watoto.

Euphrasie


Brooklyn Park
21 Novemba 2024

BABA! BABA! BABA!

Imekwisha! Hawanishtaki! Natasha amepigiwa juzi Jumanne saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa ofisini kwake nikila kucha. Ruhusa ninayo, sasa naweza kuandika yote, Natasha mwenyewe kasema andika mpaka wino uishe.

Swali lako nililipeleka kama yai. Natasha akalisoma, akaniangalia, akasema kwa Kiingereza chake kwamba baba yako alipaswa kuwa upande wetu tangu zamani. Akamtuma Bagalwa, mpelelezi wake, kugonga mlango baada ya mlango. Hakupata kitu. Kesho yake, Jumamosi, naamka nikanywe maji, naona bahasha imepenyezwa chini ya mlango: "Kwa Mama Kerubo, ya Euphrasie wa chini."

Nilikuwa peke yangu, Baba, na ile bahasha iko pale sakafuni. Yule mama huniletea sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, kila Krismasi! Nilitaka kuichana kwa meno. Nilisikia sauti yako kabisa, ya zamu ya asubuhi: usiliguse, lipeleke lilivyo. Nikaisukuma ndani ya mfuko wa plastiki kwa kijiko cha mchele, maana sikutaka hata kidole changu kionekane juu yake. Sikuamini mikono yangu na usukani, nikapanda basi hadi Minneapolis, nimevaa koti juu ya nguo ya kulalia na ndara miguuni, kwenye baridi ya Oktoba! Watu walinipisha viti.

Natasha alikuja kufungua ofisi na nywele hazijachanwa. Akaisoma, anasogeza kidole mstari kwa mstari, Kiswahili cha kina Euphrasie kikimtoa jasho. Ghafla akapiga meza akapaza sauti, "Iko! Spana iko! Iko chini ya kitanda!" Kwa Kiswahili, Baba! Mwezi na zaidi hajanijibu neno moja la Kiswahili, na siku hiyo hakuweza tena kurudi kwenye Kiingereza mpaka adhuhuri!

Hakuiendea mwenyewe. Alimtafutia Euphrasie wakili wake peke yake kwanza, aitwaye Vestine, anayejua mambo ya wakimbizi, ndipo Euphrasie akawaita polisi nyumbani kwake yeye mwenyewe, amevaa kitenge cha sherehe, Rachelle akimtafsiria. Walivuta ile spana kutoka chini ya kitanda kama mtoto mchanga, ikiwa bado imefungwa. Alama za vidole vya yule mtu, mikono yote miwili, zilikuwa zimejaa pale kwenye mshiko. Na ya Euphrasie haikuwepo hata moja. Kitenge kilichoificha ndicho kilichoitunza. Euphrasie hawamshtaki, na harudishwi popote, Vestine ana karatasi.

Jana ndiyo mara ya kwanza tumeruhusiwa kuongea. Nilishuka ngazi, akafungua mlango kabla sijagonga. Tulilia tu mpaka Rachelle akatuzimia jiko, sombe lilikuwa linaungua. Kisha akaniuliza kama nimemkasirikia. Nikamwambia kweli: nilipojua, nilikasirika kwa dakika moja hivi, halafu nikaona mtu anashuka ngazi mbio kuelekea kwenye risasi kwa ajili yangu, na hasira ikanitoka.

Jumamosi Gilbert ameniomba niende Savage niongee na darasa lake. Nitawaambia mikono mitupu, maneno machache, wakili, kimya. Na nitaongeza moja asilolijua: zungumzeni na majirani zenu mapema, muwaambie siku hiyo ikija wasiguse kitu. Euphrasie anataka kuja. Anasema atakaa mbele.

Sasa zamu yako, Baba. Euphrasie alikaa na siri yake siku arobaini na nne na nguo zikaanza kumpwaya. Wewe umekaa na yako miaka mingapi? Nenda ng'ambo ya mto.

Binti yako aliye HURU,
Kerubo


Nyamira
3 Desemba 2024

Kerubo, mama yangu,

Barua imepokelewa. Saa sijaandika, nilisahau kutazama. Nilipiga yowe mpaka kuku wakaparamia ua na majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Niliwasomea mahali pa kijiko cha mchele mara mbili. Nimewaambia huyo ni mtoto wangu.

Kisha nikavaa koti nikaenda ng'ambo ya mto, kabla ujasiri haujapoa.

Francis alikuwa anachambua maharagwe. Nilisimama wima kama mbele ya mkubwa wangu nikamwambia yote: nilivyompa maji, nilivyoandika, na maneno ya marehemu mke wake kuhusu panga. Nikamwambia nimekaa na hilo miaka kumi na miwili na leo nimeleta. Nilitaka anitukane, anipige hata fimbo.

Akaendelea na maharagwe. Akasema, "Afande, nilijua. Aliniambia siku ya kwanza aliyonitembelea jela, analia, anataka kwenda kusema. Nikamkataza. Wangemfunga naye kwa kuficha, na watoto walikuwa watano. Siku ile kwako nilisema sana. Baada ya hapo nikanyamaza miaka tisa, na watoto wakalelewa na mama yao."

Nilikaa chini, mwanangu. Nililia mbele ya mwanamume mwenzangu, na hakuniambia ninyamaze.

Baadaye akaniuliza huyo mama wa Kongo anaitwa nani. Nikamwambia Euphrasie. Akalirudia jina mara mbili tatu ili asilisahau. Akasema nikikuandikia nikuombe umfikishie salamu zake, na umwambie Francis anasema alifanya vizuri kusema.

Nimemsaidia kumaliza maharagwe. Jumatano tutakwenda sokoni pamoja.

Baba yako,
Jairus